Mlango wa Dereva

Mume wangu alikiuza kile kifaru mimi nikiwa sokoni. Jioni alinijia na kitenge kipya kimekunjwa vizuri, akaniwekea mapajani, akasimama mbele yangu akingoja nifurahi. Watu huniambia hasira huisha. Ya kwangu haijaisha, na sina haraka ya kuimaliza.

Nieleze kwanza ni kifaru gani, maana msomaji atadhani nimechanganyikiwa. Kilikuwa kifaru cha vita cha plastiki, cha kukaa mezani, kikubwa kiasi cha mkate mdogo. Nilikiunga mwenyewe kwa vipande vya maboksi matatu tofauti. Sikukiunga kwa kupenda vita wala kwa kupenda midoli. Nilikiunga kwa sababu baba mkwe wangu, baba yake huyo huyo aliyekiuza, aliomba akione kabla macho yake hayajafunga.

Mimi kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuziba ndoo. Kabla biashara haijafunguliwa, ndoo ya plastiki hapa Tukuyu ilikuwa mali. Ilipopasuka hukuitupa, uliniletea. Nilipasha moto spoku ya baiskeli kwenye jiko la mkaa, nikakata kipande kutoka dumu bovu, nikayeyusha kingo mbili zikakutana, nikalainisha kwa mgongo wa kijiko. Kazi ilikuwa kujua plastiki ipi inakubaliana na ipi. Kuna zinazoshikana, na kuna zinazokunjana na kunuka bila kushikana kamwe. Nilikuwa nikigonga kwa ukucha tu nikajua.

Halafu likaja soko huria. Ndoo zikamwagika mpaka zikaning'inizwa nje ya maduka kwa kamba, nyekundu na bluu, na nani tena alitaka ndoo yenye kovu? Redioni walituambia tuchangamke. Nilichangamka. Niliweka spoku zangu kwenye kopo nikaingia kwenye mitumba.

Robota la mitumba hufunguliwi kabla hujalipa. Unalinunua Mbeya limefungwa, unalifikisha Tukuyu, na ukilikata nyaya ndipo unajua umelamba dume au umepigwa. Safari ile nilikuwa nimechukua robota la midoli, nikiamini kwamba wazazi wenye fedha mpya watataka kuwanunulia watoto wao vitu vipya. Nilipigwa. Nilikuta wanasesere wasio na nywele, magari yasiyo na magurudumu, na chini kabisa gunia la maboksi ya karatasi ngumu yenye picha za vifaru. Ndani ya maboksi hakukuwa na kifaru chochote. Kulikuwa na vipande vidogo vidogo, vingine bado vimeshikana kwenye vijiti, na mtoto ndiye aliyepaswa kuviunga mwenyewe. Huko vilikotoka, watoto wa mtu walikuwa wamechanganya kila kitu. Mnyororo wa boksi hili ulikuwa kwenye boksi lile, na vingine vilikuwa vikubwa na vingine vidogo, kwa sababu kumbe havitengenezwi kwa kipimo kimoja.

Niliviweka mezani wiki nzima. Wanaume walikuja, wakashika, wakacheka, wakaondoka. Mwisho wa juma nilivibeba kwenda Kisondela kwa wakwe, nikikusudia maboksi yawashie moto na plastiki nione la kufanya.

Hapa lazima niseme habari ya kutila, maana bila hiyo hakuna kitakachoeleweka. Kwetu Wanyakyusa mkamwana na baba mkwe hawaonani. Si kwamba hawapendani. Wanaogopana kwa heshima, ndiyo maana ya neno lenyewe. Akipita njiani, unaingia migombani. Akiwa ndani, hukanyagi ndani. Humtazami, hakutazami, hamsemezani. Siku hizi vijana wanacheka, na hata wakati ule kanisani walishatuambia tuache, lakini nyumba ya mume wangu haikuacha. Nilikuwa nimeolewa miaka mingi, nimezaa, nimenyonyesha, nimezika mtoto mmoja katika shamba la mzee yule, na sijawahi kumwona uso. Nilijua kikohozi chake. Nilijua viatu vyake vya jeshi, vimekauka kama mbao, alivyoviacha mlangoni ili nijue yumo. Siku moja nilisimama migombani na mkungu wa ndizi kichwani, mvua ya Rungwe inanishukia, wakati yeye na jirani yake wamesimama njiani wanaongea habari ya ng'ombe wa mtu mwingine. Hakujua kama nipo. Nilitamani kupiga kelele. Mvua iliponilowesha mpaka ndani nilianza kumchukia mtu ambaye sikujua hata pua yake ikoje.

Basi siku ile nilikuwa jikoni, kile kijumba cha pembeni ambacho mzee hakukanyaga, nikamwaga vipande chini. Mama mkwe alichutama akashika mzinga mmoja mdogo.

"Hii ni bunduki ya nini, mwanangu?"

"Ni ya kifaru, mama. Ni vifaru vibovu vya watoto wa Wazungu."

Aliuweka mzinga chini. Kisha akatoka, akavuka uwanja, akaingia nyumba kubwa. Aliporudi alikuwa na uso nisiouelewa.

"Anauliza kama vina mnyololo."

Ilikuwa mara ya kwanza tangu niolewe mzee yule kuuliza jambo lolote kwangu.

Habari ya mzee na vifaru niliijua kama kila mtu alivyoijua, yaani kama kichekesho. Alikwenda vita vya Kagera, akarudi na sikio moja halisikii, na kila alipoulizwa alikuwa anafanya nini kule, alijibu neno moja: dereva. Dereva wa nini? Wa kifaru. Kilabuni walicheka. Mnyakyusa wa Kisondela aliyekuwa hata baiskeli anaisukuma kwa mkono, leo aendeshe kifaru? Walisema alikuwa jikoni, akibeba masufuria, na sikio alipigwa kibao na sajenti kwa kuunguza maharage. Maneno hayo yalienea mpaka yakawa kweli. Wanawe wenyewe waliyasema. Mume wangu aliyasema mezani kwangu, akicheka huku anakula chakula changu: "Mzee vifaru alivisikia tu kwa mbali." Mzee hakubishana na mtu. Aliacha kwenda kilabuni.

Na sasa macho. Hospitali ya misheni walikuwa wamempima wakasema presha ya macho, moja limekwisha, la pili linafuata, na hakuna la kufanya zaidi ya matone. Mama mkwe ndiye aliyeniambia mzee alichosema alipoambiwa nina vipande vya vifaru. Alisema, "Mwambie aniungie kimoja kama changu. Nikione kabla ya giza, na hao wanangu wakione nikiwa bado naweza kuwaonyesha kwa kidole."

Nilikubali. Sijui kwa nini nilikubali haraka hivyo. Nadhani ni kwa sababu nami nilijua jinsi ya kuchekwa kwa kazi ya zamani ambayo haina tena mtu wa kuishuhudia.

Tulifanya kazi kwa kupokezana maneno. Mzee alikaa barazani, mimi jikoni, na mama mkwe alikuwa njia kati yetu, mgongo umepinda, kanga imefungwa kiunoni. Mzee alisema kichwa cha kifaru chake kilikuwa cha mviringo, mfano wa bakuli lililofunikwa. Mama akaja akanionyesha kwa bakuli. Alisema mzinga ulikuwa mrefu, na karibu na mdomo wake una uvimbe. Mama akanionyesha kwa mwiko na kipande cha kitambaa. Alisema magurudumu ni matano kila upande, makubwa, na hayakupangwa sawa. Mahali pamoja pana nafasi, na mtu akikosea nafasi hiyo, amejenga kifaru cha watu wengine.

Mama mkwe alimwendea mara mbili kwa ajili ya nafasi ile. Mzee alimpangia magunzi matano sakafuni, yeye akayatazama akiwa amesimama mbele ya mzee, akarudi jikoni akanipangia vilevile alivyoyaona. Nafasi ilikuwa kati ya gunzi la nne na la tano, kule nyuma. Nikaamini. Ningeaminije vinginevyo? Nani angeniruhusu nitoke nje nikamuulize mwenyewe?

Niliunga kifaru kile kwa majuma kadhaa, jioni baada ya kufunga meza. Mwili ulitoka boksi moja, bapa na wa chini. Magurudumu yalitoka boksi la pili. Kichwa nilikipata boksi la tatu, cha mviringo kweli, na kwa bahati kilikuwa cha kipimo kile kile, kikakaa juu ya mwili kana kwamba vilizaliwa pamoja. Ekseli zilizokuwapo nilizikata zote, nikatoboa upya kwa spoku ya moto. Plastiki zile zilikubaliana. Mikono yangu ilifurahi, nasema kweli. Tangu ndoo zife mikono yangu ilikuwa inakunja suruali za watu tu. Nilikipaka rangi ya kijani iliyobaki tulipopaka mlango wa duka la mume wangu.

Kilipendeza. Hilo ndilo kosa lake pekee.

Kwa sababu kilipendeza, mume wangu alikiweka kwenye kaunta ya duka lake. "Kikauke rangi," alisema, "nyumbani watoto watakivunja." Ningepaswa kumjua mwanamume niliyeolewa naye. Alikuwa mmoja wa wale ambao ruhusa ya biashara iliwaingia kichwani kama pombe. Aliuza betri, aliuza sabuni, aliuza magazeti ya zamani kwa kilo, aliuza saa yake ya mkononi akiwa ameivaa. Kila kitu alichokitazama alikiona kina bei. Siku hizo Wazungu walikuwa wanapita Tukuyu kuangalia kiwanda cha chai kabla hakijauzwa, na mmoja wao aliyekuwa gesti jirani aliingia dukani kununua kiberiti, akakiona kifaru.

Alikiuza Alhamisi. Jumamosi ndiyo ilikuwa siku ya kukipeleka Kisondela.

Niliangalia kitenge mapajani mwangu. Kilikuwa kizuri, cha nta, cha gharama. Nikamuuliza kifaru kiko wapi, naye akanieleza kwa furaha, kama mtu anayesimulia habari ya ng'ombe aliyezaa mapacha.

"Baba yako anakisubiri," nikasema.

"Ah, mke wangu. Biashara imekuja yenyewe mpaka mlangoni, niifukuze? Utatengeneza kingine."

"Macho yake hayasubiri kingine."

Hapo ndipo aliposema neno ambalo nimelibeba mpaka leo. Alisema, "Yule haoni vizuri. Mpelekee hata boksi la sabuni, mwambie ni kifaru, atakubali."

Damu ilinipanda mpaka masikio yakaziba. Sikumtukana. Sikulia. Nilikunja kitenge kile nikakitia chini kabisa ya sanduku, nikaenda kupika, na nilipika chakula hakina chumvi, nikamtengea, na alikula chote bila kusema kitu kwa sababu na yeye alijua.

Jumamosi nilikwenda Kisondela mikono mitupu. Sikumficha mama mkwe. Nilimwambia, mwanao amekiuza. Alivuka uwanja polepole kuliko siku zote. Niliketi jikoni nikisikiliza, nikidhani mzee atafoka, na nilitaka afoke, nilitaka mtu mwingine katika ukoo ule akasirike pamoja nami. Hakufoka. Nilisikia fimbo yake. Alitoka hadi uwanjani, nikamsikia akiinama kwa shida na kuhangaika na kitu pale chini, kisha akarudi ndani. Mlango ulipofungwa, mama mkwe akaniita nitoke.

Juu ya udongo alikuwa amepanga magunzi matano tena, na safari hii mbele ya mstari huo aliweka kijiti kirefu kiwe mzinga. Kijiti kilielekea barabarani. Nafasi ilikuwa upande ule ule wa kijiti, kati ya gunzi la kwanza na la pili. Mbele, si nyuma.

Nilisimama pale nikaelewa. Mama mkwe siku ile alisimama akimwelekea mumewe. Alichokiona kulia kilikuwa kushoto kwa mzee, na alikibeba hivyo hivyo mpaka jikoni kwa uaminifu mkubwa. Kifaru changu kizuri, chenye rangi ya mlango, kilikuwa kimejengwa kinyumenyume. Kwa miaka yote hiyo niliambiwa heshima inalinda nyumba. Heshima hiyo ndiyo iliyotuma mwanamke mzee kupiga miguu kwenye uwanja wa hatua chache na kuufikisha upande wa kulia kushoto, kwa sababu watu wawili wazima wenye midomo hawakuruhusiwa kutazama magunzi kwa pamoja. Nilikasirika mpaka nikacheka. Kisha nikafurahi, kwa ubaya, kwamba yule Mzungu popote alipo amekipanga kabatini kifaru cha uongo.

Cha pili nilikiunga kwa mabaki. Mwili niliupata, kwa sababu boksi la kwanza lilikuwa na miwili. Magurudumu hayakufanana, matatu yalikuwa na matundu na mengine hayana, na nilipokosa kabisa nilikata la mwisho kutoka kitako cha dumu. Kichwa cha mviringo kilichobaki kilikuwa cha boksi la vipimo vikubwa. Nilipokiweka juu ya mwili kilizidi pande zote mbili, kimekaa mfano wa kofia ya baba kwenye kichwa cha mtoto. Plastiki nazo hazikukubaliana. Ilinibidi nichukue kipande cha ndoo, plastiki laini, nikiweke katikati ya hizo mbili zishikane nayo badala ya kushikana zenyewe. Makovu yalionekana kila mahali. Sikupaka rangi. Sikutaka kipendeze tena. Na sikukiacha dukani hata saa moja, nilitembea nacho kwenye kapu chini ya mitumba.

Lakini msimu ule ulikuwa mbaya, mvua haikukatika, biashara ilinishika mezani na watoto walikuwa wagonjwa, na nilipomaliza, jicho la pili la mzee lilikuwa limefunga. Mama mkwe alisema aliamka asubuhi akauliza mbona hakujapambazuka.

Hapo ndipo familia ilipofanya kikao. Mimi nilisema jambo ambalo kwangu lilikuwa wazi: sasa mzee haoni, nipeni nafasi nikampe mwenyewe mkononi, nimweleze kipi ni kipi, tusitume tena maneno yapotee njiani. Shangazi yake mume wangu, dada wa mzee, alikuja kutoka Nkunga kwa ajili ya jambo hilo tu. Alikunywa chai yangu, akafuta mdomo.

"Yeye haoni, sawa," alisema. "Lakini wewe je, huoni?"

"Naona, shangazi."

"Basi kutila bado kupo. Macho ni ya watu wawili. Yake yamekufa, ya kwako yapo."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo jifunike."

Wote walitikisa vichwa kwamba amesema vema. Mume wangu naye alitikisa. Mwanamume aliyeuza macho ya baba yake kwa Mzungu alikaa pale akitikisa kichwa juu ya mila. Nilinyanyuka nikatoka nje kwa sababu ningebaki ningevunja kitu.

Nilijifunika. Kanga zangu zote zilikuwa nyepesi, zinaonyesha, na shangazi alizijaribu moja moja usoni kwake mwenyewe akazikataa. Mwisho nililazimika kufungua sanduku nikatoa kitenge kile. Ndicho kilichokuwa kizito vya kutosha. Nikakivaa kichwani mpaka kifuani, nikashikwa mkono na mama mkwe, nikavushwa uwanja, na kwa mara ya kwanza nikakanyaga sakafu ya nyumba ya mzee yule. Nilinusa dawa ya kuchua na moshi. Nilipiga magoti. Kwa chini ya pindo niliona kipande cha mkeka, na mikono miwili.

Sikuwa nimeambiwa mikono nayo ni marufuku. Niliitazama. Ilikuwa mikubwa, kavu, na kidole kimoja hakikukunjika.

Nilimwekea kifaru mikononi. Alikishika bila haraka. Kidole gumba kilipita juu ya magurudumu, moja, nafasi, halafu mengine.

"Hapa," alisema. "Nafasi iko mbele. Ndicho."

Alikuwa akisema Kiswahili. Maisha yote niliyomsikia kupitia ukuta alisema Kinyakyusa, lakini habari ile aliijua kwa lugha ya jeshi, na sauti yake katika lugha hiyo ilikuwa ya mtu mwingine, kijana zaidi. Kisha vidole vikapanda juu. Vilisimama kwenye kichwa, vikazunguka ukingo uliozidi.

"Kichwa si chake hiki."

Chini ya kitenge machozi ya hasira yalinitoka. Nilitaka kumwambia, chako kilichokuwa sawa kimeuzwa, muulize mwanao. Sikuruhusiwa kusema, nikauma midomo.

"Ni sawa," akasema mzee. "Hata chetu kichwa hakikuwa chake."

Nilimsikia mama mkwe akikaa chini.

"Tulipigwa juu. Mimi dereva nakaa chini mbele, peke yangu. Wenzangu watatu walikuwa kwenye kichwa. Wakabaki hukohuko. Karakana walileta kichwa cha kifaru kingine kilichoungua minyololo, wakakifunga kwenye mwili wetu. Wakaleta na watu wengine watatu wa kukaa humo. Mimi hawakunibadilisha. Nilikuwa mzima. Wakaniambia, endesha. Nikaendesha mpaka mwisho wa vita, na kila nikigeuka kuwasemesha wenzangu, nakuta si wao."

Mume wangu alikuwa mlangoni. Nilijua kwa viatu. Sikusikia akicheka.

Mzee aliendelea kupapasa. Kidole kilikuja mbele, upande wa kushoto, kikatafuta kitu. Kikarudi. Kikatafuta tena.

"Mlango wa dereva uko wapi?"

Nilikuwa nimeuziba. Ule mwili ulikuwa na tundu pale mbele, mfuniko wake ulikuwa umepotea, nami kwa mazoea ya ndoo nilikuwa nimelijaza plastiki na kulilainisha vizuri kwa mgongo wa kijiko.

"Sasa huyu dereva," alisema mzee taratibu, "atatokaje?"

Sikungoja mtu anishike mkono. Nilichukua kifaru mikononi mwake, nikatoka na kitenge kichwani nikijigonga kwenye mwimo wa mlango, nikavuka uwanja mwenyewe. Jikoni nilijifunua, nikatia spoku kwenye makaa mpaka ikawa nyekundu, nikatoboa pale, nikazungusha mpaka tundu likatosha ncha ya kidole cha mtu mzima. Nilijiunguza na sikujali. Nikajifunika tena nikarudi, nikapiga magoti, nikampa plastiki ikiwa bado ina joto.

Kidole chake kilifika, kikazama.

"Haya," akasema. "Sasa atatoka. Ndaga fijo, mwanangu."

Hakumtuma mkewe aniletee neno. Alinishukuru mimi.

Kifaru kilikaa naye kitandani mpaka mvua za mwaka uliofuata, na mama mkwe aliniambia alilala nacho, kidole mle ndani. Alipofariki, mume wangu ndiye aliyekuwa wa kwanza kuzunguka uwanjani akiwaambia watu kwamba baba yake alikuwa dereva wa kifaru katika vita vya Kagera. Wale wa kilabu walikuwapo, wakatikisa vichwa kwa majonzi, wakasema siku zote walijua. Alitaka kifaru kiwekwe juu ya meza pembeni ya jeneza, diwani akione. Alipekua kitanda, alipekua jikoni kwangu, alinijia katikati ya kwaya ikiimba.

"Kiko wapi?"

"Sijui," nilimjibu. "Angalia kwa Mzungu."

Mimi kama mkamwana sikuukaribia mwili. Aliyemvika mzee nguo za mwisho ni mama mkwe, peke yake, mlango umefungwa, na kabla hajaufunga aliniomba kitu kimoja, nami nikampa.

Mume wangu bado huniuliza, hasa akiwa na wageni. Akisoma hapa atajua. Kipo Kisondela, miguuni pa baba yake, kimefungwa ndani ya kitenge alichoninunulia, na mlango wa dereva uko wazi.